Mimea ya tangi la samaki ikikataa kushika: dalili na vyanzo vyake hapa Mombasa

Kijana wa nyumba ya pili alinijia Jumamosi moja na mfuko wa plastiki mkononi, ndani yake maji kidogo na mche wa kriptokorine uliobaki mizizi na vijiti.

"Shikamoo mjomba. Huu wa tatu. Nimetia mbolea, nimeongeza taa, na bado majani yayeyuka kama sabuni."

"Marahaba mwanangu. Maji ya tangi wayatoa wapi?"

Akasema kisimani kwao, Kibokoni. Tukaenda kuliangalia. Tangi la lita 80, zuri, kioo kimepanguswa, na nyuma amejenga ukuta wa mawe ya matumbawe na makombe aliyookota ufuoni Nyali. Nikatoa jiwe moja dogo, nikalikausha kwa kitambaa, nikalidondoshea maji ya ndimu. Likatoa povu papo hapo, na ukitega sikio ulisikia linavyochacharika. Mbolea yake haikuwa na kosa, wala taa. Alikuwa amepanda mimea ndani ya chokaa.

Maelekezo mengi ya kufuga mimea ya majini yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaonunua hita ili maji yafike nyuzi 25. Sisi twahangaika kuyateremsha. Ndiyo maana mtu wa hapa akifuata maelekezo hayo hatua kwa hatua huishia kununua chupa baada ya chupa, ilhali shida imelala kwenye maji, jiwe na joto. Ninavyotafuta kosa mimi ni hivi: kwanza maji, halafu joto na mwanga, halafu namna mmea ulivyopandwa, na mbolea mwisho kabisa. Na nikibadilisha kitu, nabadilisha kimoja tu, nangoja wiki mbili. Jani lililokwisha kuharibika halirudi, kwa hiyo usilitazame hilo. Tazama linalochipuka.

Anza na maji, hata kama kinacholalamika ni jani

Maji ya Mombasa si mamoja. Ya mfereji hutoka Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere katika Shimba Hills na visima vya Tiwi, na kwa mgao ulivyo, yanayokufikia wiki hii huenda yasifanane na ya wiki ijayo. Ya visima vya kisiwani yamekaa ndani ya jiwe la matumbawe, yakalilamba hadi yakajaa kalsiamu. Hayo ndiyo maji magumu. Visima vilivyo karibu na bahari huvuta na chumvi pia. Ukinunua kwa mkokoteni, muulize muuzaji ameteka wapi, na umuulize kila mara, kwani mitungi miwili ya siku moja yaweza kuwa na maji ya namna mbili.

Kipimo cha sabuni kila nyumba inakijua. Maji yakikataa kutoa povu na kuacha utando mweupe kwenye beseni, ni magumu, na yakiwa na chumvi povu hukataa zaidi. Ulimi nao ni kipimo: ukiisikia chumvi, hata kwa mbali, mimea mingi laini haitastahimili. Kwa jiwe, kokoto na mchanga tumia ndimu au siki. Kikitoa povu, kina chokaa, na kitaendelea kuyeyuka polepole ndani ya tangi na kupandisha ugumu hata ukibadilisha maji kila siku. Mchanga mweupe wa ufuoni una kosa hilohilo pamoja na chumvi. Mchanga wa mto unaouzwa kwa wajenzi hufaa, ukioshwa mpaka maji yatoke meupe na ukipimwa kwa ndimu.

Matengenezo yake hayana gharama kubwa. Ondoa matumbawe na makombe yote. Kisha kinga maji ya mvua, masika kati ya Machi na Mei au vuli kuanzia Oktoba. Mvua za kwanza ziache zioshe bati na mifereji ya paa, ndipo uweke pipa. Changanya nusu ya mvua na nusu ya mfereji. Usitumie ya mvua peke yake, kwa sababu hayana madini karibu yoyote na pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, huyumba kwa kitu kidogo. Badilisha sehemu moja ya tano ya tangi kila wiki, usiligeuze lote kwa siku moja ukawashtua samaki. Na ya mfereji yalaze kwenye ndoo iliyo wazi usiku na mchana ili klorini itoke.

Jambo jingine huwaponyoka wengi. Maji yanayopungua kwa joto huondoka peke yake. Madini na chumvi hubaki. Ukijazia ya kisima kila yanaposhuka kidole kimoja, baada ya miezi sita una maji mazito kuliko ya kisima chenyewe. Kujazia, tumia ya mvua.

Na kama huna ila kisima? Basi usishindane nacho, chagua mimea inayokipenda. Valisneria humea yenyewe Ziwa Tanganyika, ambako maji ni magumu na pH inakaribia 9. Anubiasi, kangaga la Java na seratofilamu nazo huvumilia. Kwa nyumba nyingi za kisiwani, tangi la mimea hii minne lingekuwa na furaha zaidi kuliko lenye mimea kumi ya kubembelezwa.

Majani yayeyuka ndani ya wiki tatu za kwanza

Hapa ndipo watu wanapong'oa mimea iliyo hai. Mimea mingi ya dukani hukuzwa bustanini ikiwa na mizizi tu majini, majani yakiwa hewani. Majani hayo yameumbwa kwa hewa. Ukiyazamisha huoza, kisha mmea huchipua mengine membamba na laini, ya majini. Kriptokorine ndiyo hasa: huweza kumwaga majani yote ndani ya siku chache kwa kuhamishwa tu, au kwa maji kubadilika ghafla, ikabaki kama iliyokufa.

Usiamini macho, tumia kidole. Shuka taratibu mpaka shingoni, pale majani yanapokutana na mizizi, ubonyeze. Pakiwa pagumu kama karoti na mizizi ni myeupe au ya rangi ya maziwa, mmea u hai. Kata majani yaliyooza yasichafue maji, usiuhamishe, na baada ya wiki tatu au nne utaona ncha ndogo kama sindano zikitoka mchangani. Pakibonyea, pana rangi ya kahawia na harufu ya tope bovu, huo umekwenda.

Yule kijana alikuwa ameng'oa miche yake miwili ya mwanzo siku ya kumi. Huu wa tatu tuliubonyeza pamoja, shingo ikawa ngumu. Ukarudishwa, mara hii bila matumbawe.

Anubiasi au kangaga la Java laoza kuanzia chini

Chanzo ni kimoja karibu mara zote: shina lake mlalo limefukiwa. Mimea hii ina shina nene linalotambaa, na majani hutoka juu yake. Shina likizikwa mchangani hukosa hewa na kuoza. Lifunge juu ya jiwe lisilo la chokaa au juu ya kifuu. Kifuu cha nazi chafaa mno. Kichemshe kwanza na kumwaga maji yake mara mbili au tatu, la sivyo kitatoa utelezi mweupe na kuyapaka maji rangi ya chai. Funga kwa uzi wa pamba. Uzi utaoza baada ya muda, na kufikia hapo mizizi imeshakishika kifuu kwa nguvu zake.

Gogo lililookotwa ufuoni ni hatari kuliko linavyoonekana. Limenyonya chumvi hadi moyoni. Liloweke majuma kadhaa ukibadilisha maji, na ukilamba maji hayo ukasikia chumvi bado, endelea.

Ukiona chini ya jani la kangaga mistari ya vinundu vya kahawia vilivyojipanga, usiogope. Ni vifuko vya chembe zake za uzazi. Na vijani vidogo vyenye mizizi kwenye ncha ya jani kuukuu ni watoto. Waachie wakue kisha wabandue ukawafunge kwingine.

Jani jipya latoka la manjano

Tofautisha kwanza: ni jani jipya au kuukuu? Mmea unaweza kuhamisha naitrojeni na potasiamu kutoka majani ya zamani kwenda machanga, kwa hiyo zikipungua huumia ya zamani. Chuma hakihamishiki hivyo. Kikikosekana, jani jipya ndilo linalotoka limepauka, mishipa ikibaki ya kijani kama ramani iliyochorwa.

Katika maji yetu tatizo hili ni la kawaida, na si lazima chuma kiwe hakipo. pH ikiwa juu, chuma hugeuka kutu na mizizi haiwezi kukichukua. Mbolea nyingi za chupa zina chuma kilichofungwa kwa EDTA, kemikali ya kukishika kisigeuke kutu, ambayo hukiachia pH ikikaribia 7. Ndiyo maana mtu humimina na haoni mabadiliko. Soma lebo, utafute iliyoandikwa DTPA, inayostahimili mpaka karibu 7.5. Ya EDDHA hustahimili zaidi, ila huyatia maji wekundu.

Kwa mimea inayokula kwa mizizi kama kriptokorine nina njia ninayoipenda zaidi. Udongo mwekundu wa Voi, ule unaowapaka tembo wa Tsavo, wekundu wake ni chuma. Chukua usiotiwa samadi wala mbolea ya shamba, uloweshe, ufinyange vidonge vya ukubwa wa gololi, uvianike juani vikauke kabisa. Zamisha kimoja chini ya mizizi ya kila mmea, kina cha vidole viwili vitatu, ukifunike vizuri na mchanga. Kule chini ambako hewa ya oksijeni ni haba, chuma hurudi katika hali ambayo mizizi yaweza kukinyonya. Usikisukume harakaharaka, kikipasuka juu ya mchanga tangi zima litakuwa mto wakati wa mafuriko.

Majani ya zamani: manjano yote, au matundu

Manjano ya jani zima, kuanzia ya chini, kwa tangi lenye samaki wachache na mimea mingi: naitrojeni imepungua. Ongeza samaki kidogo au mbolea. Matundu madogo yenye ukingo wa manjano: potasiamu. Konokono husingiziwa matundu hayo, lakini wengi wa wale wadogo wa tangini hula jani lililokwisha kufa.

Ukoko mweupe juu ya jani

Watu huuparuza wakidhani ni ukungu. Sugua kwa kidole: ukikwaruza kama chumvi ya mawe, ni chokaa. Valisneria ikikosa hewa ya ukaa majini huvunja bikaboneti iliyo kwenye maji magumu ili ipate kaboni, na chokaa husalia juu ya jani. Mmea haujaugua. Unakwambia mwanga ni mwingi kuliko hewa ya ukaa. Punguza saa za taa.

Wapo wanaotengeneza hewa hiyo kwa sukari na hamira kwenye chupa ya lita 2, mpira mwembamba ukipita kwenye kifuniko hadi tangini. Yafanya kazi, ila kwa joto letu huchacha upesi kama mnazi wa mchana, ikatoa hewa nyingi siku za mwanzo na kuisha mapema. Weka hamira kidogo sana, robo ya kijiko cha chai, na vali ya kuzuia maji kurudi. Usizibe mpira kamwe, chupa hupasuka.

Mashina marefu, chini yako uchi

Huu ni mpangilio zaidi kuliko ugonjwa. Higrofila na wenzake wakipandwa kama fungu la mchicha, wa nje hupata mwanga na wa katikati huangusha majani. Tenganisha, shina moja moja, vidole viwili kati yao. Yakifika juu kata nusu ya juu, uipande hiyo, na kisiki utakiona kikitoa matawi mawili. Valisneria iweke nyuma na uichunge, hutambaa kwa vikonyo mpaka mbele. Kriptokorine katikati, anubiasi chini ya kivuli cha gogo kwa sababu jani lake hukua polepole na kwenye mwanga mkali hupata mwani. Mimea ya kuelea isizidi theluthi moja ya uso wa maji.

Ukiuziwa egeria, ujue ni mmea wa maji ya baridi. Julai na Agosti utaona raha, ikifika Februari hunyong'onyea. Hilo si kosa lako.

Mwani

Si ule wa baharini unaoanikwa Kibuyuni. Nasema huu wa tangini, unaopaka kioo na majani. Kila rangi ina chanzo chake, na kosa kubwa ni kumimina dawa moja kwa yote.

Vumbi la kahawia linalopanguka kwa kidole, tangi likiwa na mwezi mmoja au miwili: lipanguse na usubiri, hupotea lenyewe. Maji yamegeuka kijani kama supu ya mchicha: tangi lapigwa na jua. Sogeza kutoka dirishani, lifunike kwa blanketi siku tatu au nne bila taa, ubadilishe maji. Madoa ya kijani magumu kwenye kioo na majani ya anubiasi: mwanga mkali na fosfeti kidogo. Shuka la kijani cha bluu linalobanduka zima na kunuka si mwani hasa, ni bakteria. Hupenda kona ambayo maji hayatembei. Lifyonze kwa mpira, elekeza pampu kona hiyo, giza siku tatu.

Mweusi wenye manyoya kama brashi, ukingoni mwa majani, ndio sugu. Kwa anubiasi toa mmea mzima na kifuu chake, paka haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3, kwa brashi ndogo, subiri dakika mbili, suuza, rudisha. Baada ya siku moja au mbili manyoya yatageuka mekundu. Hapo yamekufa, na samaki wengine watayala. Usipake valisneria wala kuvumwani (moss), vitaungua.

Kwa yote, taa iwe saa 6 hadi 8. Mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima, na tangi lililo sebuleni kwenye madirisha makubwa tayari limekula mwanga kabla hujawasha chochote.

Samaki wavuta hewa juu alfajiri

Tazama saa. Wakihema alfajiri na kutulia kufikia saa nne asubuhi, ni oksijeni. Usiku mimea nayo hupumua, haitoi oksijeni bali huitumia. Na maji ya joto hubeba kidogo: kwa nyuzi 25 ni kama miligramu 8.3 kwa lita, kwa 30 ni 7.6. Tangi langu hufika 31 mwezi wa Machi, kaskazi ikikaribia kukatika na hewa imesimama. Washa kipampu cha hewa usiku. Feni ndogo ikipuliza uso wa maji hupunguza nyuzi moja au mbili. Unyevu wetu wa pwani hauruhusu zaidi. Wakihema mchana kutwa, hapo shuku chujio na amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, si mimea.

Stima ikipotea usiku, kipampu cha betri ni rafiki. Ukikikosa, teka maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu kila nusu saa. Ikirudi baada ya saa nyingi, usiwashe chujio moja kwa moja: sifongo iliyolala imeanza kuoza. Isuuze kwanza kwa maji ya tangi, si ya mfereji.

Umechota mmea kwenye bwawa

Uzuri wa seratofilamu ni kwamba humea hukuhuku kwetu, na wengi huenda kuichukua kwenye mabwawa ya Kwale na Kilifi. Sikukatazi, lakini usiingie maji yale miguu mitupu. Konokono wa mabwawa hayo hubeba vijidudu vya kichocho, na vijidudu hupenya ngozi. Tumia upondo mrefu na mabuti ya mpira. Nyumbani, ulaze mmea kwenye ndoo ya peke yake wiki mbili, uondoe konokono na mayai yao, yale yanayofanana na ute, na mikono ivae glavu.

Unapopogoa, mabaki usiyatupe mtaroni wala kwenye kijito. Gugumaji lililoliziba Ziwa Viktoria liliingia kama pambo la bwawa. Yaanike juu ya paa mpaka yavunjike mkononi, kisha yatie kwenye chungu cha mrehani.